Vita vya Majimaji katika Daftari la Mtihani

Ukurasa wa daftari la Historia unaoandaliwa kwa ajili ya mtihani una umbo lake, na umbo hilo hubadilika kidogo sana kutoka shule moja hadi nyingine. Juu kabisa huandikwa mada kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari kwa kalamu nyekundu iliyofuata rula. Chini yake hufuata vichwa vidogo vitatu, yaani sababu, mwenendo na matokeo. Na chini ya kila kichwa hupangwa hoja zilizotiwa namba za Kirumi, kila hoja ikiwa na sentensi ya kuitaja na sentensi mbili tatu za kuieleza. Pambizoni mwanafunzi huchukua herufi ya kwanza ya kila hoja na kuziunga herufi hizo ziwe neno lisilo na maana yoyote, ili kulikumbuka neno hilo moja kuwe ni kuzikumbuka hoja zote. Katika shule za sekondari za Tanzania, ukurasa mmoja wa namna hiyo hubeba Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani katika sehemu za kusini na mashariki za nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayejiandaa kwa mtihani wa taifa, ambao hutungwa na kusimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, huusoma ukurasa huo alfajiri kabla ya paredi, huurudia usiku wakati wa kujisomea, kisha hufumba macho na kuukariri, midomo ikichezacheza, mpaka namba zile zikae kichwani kwa utaratibu wake. Anajua kwamba swali litamtaka ataje hoja kadhaa, mara nyingi sita, na kwamba mbele ya msahihishaji kutakuwa na karatasi iitwayo mwongozo wa usahihishaji, yaani orodha ya majibu yanayokubalika pamoja na alama za kila jibu. Maandalizi yote huilenga karatasi hiyo asiyoiona. Hapo, kati ya daftari na mwongozo, ndipo raia walio wengi hukutana kwa mara ya kwanza, na pengine ya mwisho, na watu waliokufa wakiipigania nchi yao. Kwa hiyo yafaa kuuliza ni nini cha watu hao kinachopita katika ukurasa huo, na ni nini kinachobaki nje.

Haitakuwa haki kuanza kwa kukidharau kitendo chenyewe cha kukariri. Wapo wanaokilaumu kana kwamba ni ugonjwa ulioletwa na mitihani, ilhali katika pwani ya Afrika Mashariki kuhifadhi maneno moyoni ni elimu ya kale, iliyolea wanachuoni, manahodha na washairi muda mrefu kabla ya mtahiniwa wa kwanza kuketi kwenye dawati. Tenzi, yaani mashairi marefu ya kisimulizi yaliyotungwa yaimbwe na kushikwa kwa moyo, zilikuwa ghala la historia. Na ujio wa Wajerumani wenyewe uliingia katika ghala hilo mapema. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi kuhusu vita vya Wadachi kuitwaa Mrima, yaani upambano wa watu wa pwani na Wajerumani katika miaka ya 1888 na 1889, naye Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga utenzi wa Vita vya Majimaji vyenyewe. Aliyeukariri utenzi aliondoka na majina ya watu, sauti zao, hofu zao na mabishano yao, kwa sababu utunzi wa aina hiyo huwapa wahusika nafasi ya kusema kabla haujawaamulia hatima. Aliyeukariri ukurasa wa daftari huondoka na hoja. Zote mbili ni kumbukumbu, na zote mbili huhitaji bidii. Tofauti iko katika kile kinachoingizwa moyoni. Kazi ya kukariri imebaki ileile, ila mzigo wake umepunguzwa hadi mifupa, na mwanafunzi hulala usiku akiwa ameshika mpangilio wa mifupa hiyo bila kuuona mwili uliowahi kuivaa.

Tuseme hoja ya kwanza ya ukurasa ni kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Katika daftari hoja hiyo huchukua mistari mitatu, nayo ni kweli tupu: kuanzia mwaka 1902 serikali ya Kijerumani, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, iliagiza kulimwe mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za kusini, na watu wakatolewa kwenye mashamba yao ya mtama na mpunga wakalime zao wasilolila, chini ya macho ya majumbe, ambao ni wakuu wa vijiji, na maakida, ambao ni maofisa waliowekwa na serikali juu ya majumbe hao. Juu ya pamba ilikuwapo kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898, na juu ya kodi kilikuwapo kiboko. Yote haya mwanafunzi anayajua. Lakini ukurasa hauna nafasi ya kusema kwamba pamba ina majira yake, na kwamba majira hayo hugongana na yale ya chakula, hata mtu anayepalilia shamba la jumbe siku ambayo ngiri wanaingia katika shamba lake mwenyewe anajua vizuri watoto wake watakula nini miezi sita baadaye. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wahenga walisema, na neno hilo linafaa kuandikwa pambizoni mwa hoja hii, kwa sababu linaonya kwamba sababu ya vita inayosomeka kuwa jambo la uchumi ilikuwa, kwa aliyeibeba, jambo la mgongo, la tumbo na la heshima. Mwezi Julai 1905, katika kijiji cha Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, wanaume wachache waliingia katika shamba la pamba wakang'oa mashina machache. Masimulizi ya wazee huwataja kwa majina, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, na hueleza kwamba kung'oa huko kulikuwa tangazo la vita. Shina la pamba changa hung'oka kwa mkono mmoja, bila kelele. Lakini waliolishika shina hilo walijua kwamba kamba ya kunyongea ipo, na kwamba wakishaling'oa haliwezi kurudishwa ardhini likashika tena.

Hoja inayofuata huandikwa kwa jina la imani, na hapa ukurasa hukumbwa na aibu isiyo na msingi. Kinjeketile Ngwale, aliyeishi Ngarambe karibu na mto Rufiji, alisemekana kuingiwa na pepo aitwaye Hongo, na kuanzia mwaka 1904 watu wa makabila mbalimbali walimiminika kwake wakapewa dawa ya maji iliyochanganywa na mtama na vitu vingine, dawa iliyoaminiwa kwamba ingezigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Daftari huitaja dawa hii mara mbili: kwanza kati ya sababu za vita, kwa kuwa iliwaunganisha watu, na mara ya pili kati ya sababu za kushindwa, kwa kuwa haikuzuia risasi. Mwanafunzi hukariri mara ya kwanza kwa fahari na mara ya pili kwa kuinamisha macho, kana kwamba babu zake walifanya upumbavu ambao yeye, aliyesoma fizikia, asingeufanya. Lakini afikirie jambo ambalo ukurasa hauliulizi: kabla ya maji yale, ni kitu gani kingine kilichokuwapo ambacho kingeweza kuwafanya Wamatumbi, Wakichi, Wangindo, Wazaramo, Wapogoro, Wambunga, Wamwera, Wabena na Wangoni, watu wasiokuwa na mfalme mmoja, lugha moja ya nyumbani wala chama, kukubali kuapa kwa kiapo kimoja? Mahujaji waliofika Ngarambe walifundishwa pia mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda, wakaambiwa warudi makwao na wasubiri amri. Maji yalikuwa dawa, na papo hapo yalikuwa kadi ya uanachama, ujumbe wa siri na ahadi ya kutosalitiana. Tena yalikuwa na nguvu kuliko mwenyewe aliyeyatoa, kwani Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya watu wa Umatumbi, waliochoka kungoja, kuanza vita bila amri yake. Na vita havikufa naye. Vilienea magharibi hadi Mahenge na kusini hadi Ungoni, vikibebwa na wajumbe walioendelea kuyagawa maji ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

Ndipo mwanafunzi anapofikia sababu za kushindwa, na hapo ndipo uzito wote wa jambo hili ulipo. Silaha duni, ukosefu wa umoja, ukatili wa adui, njaa: hoja hizi hukaririwa kwa wepesi kuliko zote, kwa sababu zinakwenda na mteremko wa kile ambacho kila mtu anakijua tayari. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji wa Kipogoro na Kimbunga waliishambulia boma ya Mahenge, wakakutana na bombomu, jina ambalo watu wa wakati ule waliipa bunduki ya rashasha, nao wakaanguka safu kwa safu mbele ya kuta. Anayesoma habari hiyo leo huisoma akitokea mwishoni. Anajua kwamba maji hayatafanya kazi, kwamba Wajerumani watashinda, kwamba wao pia watanyang'anywa nchi baada ya vita vingine, na kwamba mwaka 1961, mwaka wa uhuru, utafika. Kwa hiyo kila hatua ya wapiganaji humwonekea kama hatua ya watu wanaoelekea mahali palipokwisha kuandikwa. Wao walitokea mwanzoni. Mpogoro aliyekuwa akipanda kilima cha Mahenge asubuhi ile hakuwa na mwongozo wa usahihishaji. Alikuwa na habari kwamba boma za Wajerumani zilikuwa na askari wachache, jambo lililokuwa kweli. Alikuwa na habari kwamba watu wa nchi nyingi wamesimama pamoja, jambo lililokuwa kweli vilevile. Na alikuwa na ahadi ya maji, ambayo hakuwa na namna ya kuipima isipokuwa kwa mwili wake. Kati ya mambo matatu aliyoyategemea, mawili yalikuwa sahihi. Watu wengi wenye elimu hufanya maamuzi makubwa ya maisha yao kwa uhakika ulio chini ya huo.

Mtihani hauna budi kujua jibu, la sivyo hauwezi kusahihishwa, na hilo si kosa la mtunzi wala la mwalimu. Hata hivyo, jibu linalojulikana huacha athari ndani ya anayeliandaa, kwa kumzoesha kuamini kwamba yaliyotokea ndiyo pekee yaliyoweza kutokea. Hoja ya ukosefu wa umoja ni mfano mzuri. Katika daftari, Wahehe huandikwa miongoni mwa wasiojiunga, na pengine miongoni mwa waliowasaidia Wajerumani, na mwanafunzi huwapitia akiwa na hukumu tayari mdomoni. Lakini Wahehe walikuwa wamepigana na Wajerumani kuanzia mwaka 1891, waliposhinda kikosi kizima pale Lugalo, mpaka mwaka 1898, mtawala wao, Mtwa Mkwawa, alipojiua ili asikamatwe akiwa hai. Na wajumbe wa maji walipokuwa wakipita kusini mwaka 1905, ilikuwa imepita miaka 7 tu, na wajane wa vita vile walikuwa bado wanalima peke yao. Watu waliokwisha kulipa bei hiyo waliulizwa kama wako tayari kuilipa tena. Vivyo hivyo kwa askari wa Kiafrika waliovaa sare ya Mjerumani na kufyatua zile bombomu: kikulacho ki nguoni mwako, na methali hiyo ni kali na ya haki, lakini nayo haimalizi kazi ya kufikiri, kwa maana inabaki kuulizwa mtu mmoja mmoja alifikaje ndani ya nguo ile, kama mtumwa aliyenunuliwa, kama mkimbizi wa njaa, au kama kijana aliyeona upande gani una mshahara. Kuwaelewa watu hao si kuwasamehe. Ni kukubali tu kwamba historia ilipita ndani ya maamuzi ya watu, na kwamba maamuzi hayo yangeweza kuwa mengine.

Matokeo ndiyo sehemu ambayo ukurasa huandika namba kubwa kwa mwandiko uleule mdogo. Wajerumani walikadiria kwamba waliokufa ni 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye, hasa Gilbert Gwassa, walifikiri idadi ya kati ya 250,000 na 300,000 iko karibu zaidi na ukweli, na walio wengi kati ya waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa iliyokusudiwa, kwani majeshi ya serikali yalichoma vijiji, yakateketeza mazao yaliyo shambani na kunyang'anya yaliyo ghalani, mpaka sehemu fulani za kusini zikabaki pori na kurudiwa na wanyama. Mwanafunzi huandika "vifo vya watu wengi" na kupata alama yake. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini hapa nyasi zenyewe ndizo zilizopigwa vita, kwa kuwa adui aliamua kwamba mlengwa ni jiko la mwanamke asiyeshika silaha. Miongoni mwa wanawake walikuwapo pia walioshika uongozi, kama Mkomanile wa Ungoni, anayekumbukwa pamoja na walionyongwa. Tarehe 27 Februari 1906 makumi ya wapiganaji wa Kingoni walinyongwa katika mji ambao leo unaitwa Songea, kwa jina la mmoja wa viongozi wao, Songea Mbano, na kila mwezi Februari watu hukusanyika hapo kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka. Tena matokeo hayo hayajafungwa kama daftari linavyodokeza. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na kizazi cha Songea Mbano na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Na familia hiyo inaendelea kudai fuvu la babu yao, linaloaminiwa kuwa lilipelekwa Ulaya. Mwezi uleule wa Novemba, ambao ndio mwezi wa mitihani ya Kidato cha Nne, palikuwa na Watanzania waliokuwa wakiomba kwa dhati kiungo cha mwili kutoka katika ukurasa ambao watoto wao walikuwa wakiukariri.

Inafaa pia kukumbuka kwamba ukurasa huu una wazazi wake. Hoja zilizopangwa kwa namba za Kirumi hazikushuka kutoka mbinguni, wala sehemu kubwa yake haikutoka katika nyaraka za Berlin. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanahistoria wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, miongoni mwao Gwassa na John Iliffe, walifanya kazi ya kuwatafuta wazee waliokuwa bado wanavikumbuka vita, na wanafunzi wa chuo waliporudi makwao likizo walikaa na babu na bibi zao barazani, wakauliza na kuandika. Majina ya Nandete, mazoezi ya likinda na safari za Ngarambe yameokolewa kwa njia hiyo, kutoka vinywani mwa watu ambao baada ya miaka michache wasingekuwapo kuulizwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo anakariri ushuhuda uliokusanywa na wanafunzi wa jana. Ushuhuda huo ulisemwa kwa Kimatumbi, Kingindo au Kiswahili, ukaandikwa, ukatafsiriwa, ukafupishwa na waandishi wa vitabu vya kiada, ukafupishwa tena na mwalimu ubaoni, na mara ya tatu na mwuza madesa, yaani vijitabu vya majibu yaliyotayarishwa vinavyodurufiwa na kuuzwa mitaani. Na kwa miaka mingi ulimfikia kijana wa Kilwa au Liwale kwa Kiingereza, akalazimika kuyajua mateso ya kijijini kwake kwa lugha ambayo bibi yake hawezi kumsahihishia. Ni jambo jema kwamba mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Likifundishwa vizuri, somo hilo linaweza kumfungulia mtoto njia ya kurudi barazani akiwa na daftari lake, akalisoma kwa sauti, na akakuta kwamba wapo wanaosikiliza na kuongeza.

Katika mpangilio wa silabasi, Majimaji hukaa katika mada ya ukinzani wa Waafrika dhidi ya uvamizi, na kupigania uhuru huja mbali sana baadaye, katika mada ya utaifa, na kati ya mada hizo mbili mwanafunzi huwa amevuka mihula kadhaa na kufanya mitihani kadhaa, hata mambo hayo mawili humkaa kichwani kama habari za nchi mbili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Waliopigania uhuru wenyewe waliliona hilo. Julius Nyerere, aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kwa niaba ya TANU, chama kilichozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, alivirejea Vita vya Majimaji na kueleza kwamba watu walipigana kwa sababu hawakukubali haki ya mgeni kuwatawala, na kwamba kazi ya chama chake ilikuwa kuipa sauti roho hiyo iliyokuwapo tayari na kuionyesha njia isiyo ya bunduki. Lakini hata njia hiyo, ambayo leo husomeka kama barabara iliyonyooka hadi tarehe 9 Desemba 1961, ilipitiwa gizani. Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, wajumbe wa TANU walibishana kama washiriki uchaguzi wa kura tatu, yaani uchaguzi ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na ambao uliwazuia walio wengi kupiga kura kwa masharti ya kipato na elimu. Kuukubali kulionekana ni kukiri ubaguzi. Kuukataa kulikuwa ni kuwaachia wapinzani uwanja. Nyerere alisimamia kushiriki, mkutano ukakubali, naye Zuberi Mtemvu, mmoja wa waliopinga, akajitoa na kuunda chama chake. TANU ilishinda uchaguzi ule wa 1958 na 1959, na mwaka 1960 ilipata viti 70 kati ya 71. Na kwa kuwa ilishinda, daftari huandika uamuzi wa Tabora kuwa wa busara. Siku ulipofanywa ulikuwa bahati nasibu yenye hoja nzuri pande zote mbili, na waliotofautiana walikuwa wazalendo waliopimana nia kwa muda mrefu.

Hali ni hiyohiyo kwa watu ambao ukurasa wa uhuru huwapitia haraka. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza sehemu ya wanawake ya TANU tangu mwaka 1955, alikijenga chama kwa kuingia katika vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, kama vile vya lelemama, ambavyo vilikuwa tayari na viongozi, michango, nidhamu na mtandao wa nyumba kwa nyumba. Na wanawake hao, wengi wao wakiwa hawajawahi kuketi darasani, waliuza kadi, wakatunza siri na wakajaza viwanja vya mikutano wakati ambapo wanaume wenye ajira serikalini walizuiwa kujiunga na siasa. Hakuna aliyewaahidi kwamba kazi yao ingefika mwisho mwema katika uhai wao. Waliwafuata, bila kuwajua, wale mahujaji wa Ngarambe: walitumia umoja walioukuta mkononi, wakauelekeza mahali ambapo haujawahi kuelekezwa, wakaweka dhamana majina yao na nyumba zao. Tofauti kati ya wanawake hao na mahujaji wale wa 1905 ni kubwa katika silaha, katika hali ya dunia na katika bahati. Katika ujasiri wa kuamua kabla ya kujua, ni ndogo sana.

Hapo ndipo maandalizi ya mtihani yanapoweza kupata hadhi inayostahili somo lenyewe, bila kupunguza hata alama moja. Mwanafunzi aendelee kukariri hoja zake sita, kwa kuwa asiye na mifupa hana pa kutundika nyama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na tarehe, majina na takwimu haziji kwa kutamani. Lakini mbele ya kila hoja ajiulize swali moja ambalo mwongozo hauliombi: siku ile, kabla ya matokeo, ni njia zipi nyingine zilizokuwa wazi mbele ya watu hawa, na kila njia ilidai nini? Mmatumbi angeweza kuendelea kulima pamba. Angeweza kuhama, kama wengi walivyofanya. Angeweza kumngojea Kinjeketile. Jumbe angeweza kumtii akida zaidi, na wajumbe wa Tabora wangeweza kususia. Mwalimu anayetenga dakika kumi za kipindi kwa swali hilo, akawagawa wanafunzi wake waamue kwa habari zile tu ambazo watu wa 1905 au 1958 walikuwa nazo, atawafundisha sababu, mwenendo na matokeo kwa uthabiti kuliko desa lolote, kwa maana hoja iliyowahi kumtia mtu shakani haisahauliki upesi. Zaidi ya hapo, atawafundisha kuwaheshimu walioshindwa, na hilo ni jambo ambalo taifa linalosherehekea ushindi wake tu halilijui. Vijana wanaokariri Vita vya Majimaji leo watapiga kura, watalinda ardhi za vijiji vyao au kuziuza, watatii amri au kuzikataa, na katika siku hizo hakuna msahihishaji atakayekuwa ameshika jibu. Shule iliyowazoesha kuona kwamba wapigania uhuru waliamua katika hali hiyohiyo, wakiwa na habari pungufu na wajibu kamili, itakuwa imewaandaa kwa lile ambalo historia ilikusudiwa kuwaandaa.